Kachukua raba, na anacheka

"Mwalimu, kanichukulia raba yangu!" Ndiyo mashtaka ya kila asubuhi darasa la awali, na mara nyingi mshtakiwa amesimama palepale anacheka. Kicheko hicho ndicho kinachomponza. Mtu mzima akikiona husema mtoto huyu ana roho mbaya, na hata la kwanza hajafika.

Wasemao hivyo wana hoja. Mtoto wa chekechea si kwamba hajui kitu. Mwaka 1981 mwanasaikolojia Judith Smetana alichunguza watoto wa umri huo Marekani, akakuta kumpiga mwenzako wanaliona kosa hata pasipokuwa na sheria inayokataza.

Sawa, anajua. Anajua nini hasa? Mwaka 1988, watafiti Gertrud Nunner-Winkler na Beate Sodian waliwasimulia watoto wa Ujerumani kisa cha mtoto aliyeiba peremende za mwenzake. Kwamba kuiba ni vibaya, hata wadogo walilijua. Walipoulizwa mwizi anajisikiaje, wengi wa miaka minne walijibu kwamba anafurahi, si amepata peremende? Wa miaka minane, wengi wao, walisema anajisikia vibaya.

Jibu la wale wadogo halinitoki kichwani. Hawautetei wizi hata kidogo. Wanaieleza furaha kama wanavyoifahamu: umekitaka kitu, umekipata. Machozi ya mwenye peremende wanayaona vizuri, ila hawajaona bado yanavyoweza kumharibia utamu yule aliyezila. Kumbe huyu wetu anaichekea raba! Sisi tunadhani anamcheka anayelia.

Halafu tunamwamuru, "Mwombe mwenzako msamaha." Anaomba, upesi upesi, jicho liko kwenye raba.

Najua mwalimu mwenye watoto themanini hana nafasi ya kukaa na kila mmoja, na aliyenyang'anywa hawezi kungoja mwenzake afikishe miaka minane. Raba irudi, na irudi sasa hivi. Lakini kumuuliza "Unaona analia, analilia nini?" hakuchukui muda mrefu kuliko kumchapa, na swali hilo linamgeuza amtazame mwenzake. Akichapwa, macho yote yanabaki kwa mwalimu, na kesho ataangalia kwanza kama mwalimu yupo.