Mgonjwa Akisharuhusiwa, Nani Anajua Kilichompata?

Ninapopiga simu nyumbani Dodoma, au ninapokwenda likizo, watu wakisikia kwamba ninafanya kazi ya uuguzi Uingereza huniuliza kwanza kuhusu mashine: kama ni kweli kila wodi ina kompyuta, kama kipimo cha CT hupatikana usiku, kama vitanda hupanda na kushuka kwa umeme. Ninawajibu kwa uaminifu kwamba vifaa ni vingi. Lakini tofauti inayonigusa zaidi haionekani kwa macho, nayo ni kwamba hapa mgonjwa hufuatiliwa baada ya kutoka hospitalini mpaka ijulikane kama tiba aliyopewa ilimfaa au haikumfaa, kisha majibu hayo hurudishwa kwa wale wale waliomtibu.

Ninafanya kazi katika wodi ya mifupa mjini Birmingham, na wagonjwa wetu wengi ni wazee walioanguka nyumbani wakavunjika nyonga. Kwa kila mmoja wao tunaandika saa aliyofika, saa aliyoingia chumba cha upasuaji, kama alionwa na daktari wa wazee, kama alisimama kwa miguu yake siku iliyofuata baada ya upasuaji, na kama alikuwa hai siku 30 baadaye. Taarifa hizo huingia katika rejesta ya kitaifa ya waliovunjika nyonga iliyoanzishwa mwaka 2007, na matokeo ya kila hospitali huwekwa wazi ili mtu yeyote ayasome. Rejesta hiyo ilipoanza, kati ya wazee 100 waliovunjika nyonga nchini Uingereza takriban 11 walikuwa wakifariki ndani ya siku 30, na kufikia mwaka 2011 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi kama 8 au 9. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa katika miaka hiyo minne ambayo ingeeleza mabadiliko hayo. Hospitali zilianza kuona kwa takwimu zao wenyewe kwamba mzee anayechelewa kufanyiwa upasuaji hudhoofika, zikapanga upya zamu na vyumba vya upasuaji, na serikali ikaanza kuzilipa zaidi zile zinazotimiza viwango, ikiwemo kumpasua mgonjwa ndani ya saa 36.

Sisemi haya ili kuwasifu Waingereza kwa tabia njema, kwa sababu desturi hii waliifikia kwa uchungu mwingi. Katika hospitali moja ya Bristol, miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, watoto wachanga waliopasuliwa moyo walikuwa wakifa kwa kiwango kikubwa kuliko katika vituo vingine, na ilichukua miaka mpaka jambo hilo likubalike hadharani. Ripoti ya uchunguzi ilitolewa mwaka 2001, na baada yake ikawa vigumu kwa idara yoyote ya upasuaji wa moyo nchini humo kusema kwamba haijui wagonjwa wake wangapi wanakufa. Wazazi waliofiwa ndio walioisukuma nchi yao kuhesabu.

Sasa nizungumzie nyumbani. Mjomba wangu, mkulima wa alizeti upande wa Kibaigwa, aligongwa na bodaboda akavunjika mfupa wa paja. Alitibiwa katika hospitali ambayo sitaitaja, mguu ukavutwa kwa uzito kwa wiki kadhaa kitandani, kisha akaruhusiwa akiwa na karatasi ya tarehe ya kurudi kliniki. Hakurudi, kwa sababu nauli ilikuwa imekwisha na msimu wa kulima ulikuwa umefika. Mguu ulipona ukiwa mfupi, na tangu hapo anachechemea na hawezi kushinda shambani. Katika kumbukumbu za hospitali ile mjomba ni mgonjwa aliyetibiwa na kuruhusiwa, kwa maana nyingine ni mafanikio, na daktari aliyemhudumia kwa bidii hana namna ya kujua kwamba tiba yake haikufika mwisho. Hakuna aliyempigia simu, ingawa namba ya simu ya shangazi iliandikwa kwenye jalada la faili siku ya kwanza.

Hapo ndipo penye shida yetu, na inahusu kila idara, kuanzia mifupa hadi wazazi, saratani, figo na macho. Tunahesabu huduma, hatuhesabu matokeo. Taarifa zetu husema wagonjwa wangapi wameonwa na mashine ngapi zimenunuliwa. Mimi ni mtu wa Dodoma na ninaona fahari ya kweli ninapoeleza wenzangu wa hapa kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na kwamba mwaka 2023 ilianza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu (sickle cell), huduma ambayo zamani ilimaanisha safari ya India kwa wachache wenye uwezo. Swali ninalotamani kila mwananchi aulize, tena bila nia mbaya, ni kwamba miaka mitano baada ya upandikizaji wangapi bado wana figo inayofanya kazi, na wale ambao figo zao zimekwama zilikwama kwa sababu gani. Wagonjwa wa upandikizaji hufuatiliwa kwa karibu kwa sababu wanahitaji dawa maisha yao yote, kwa hiyo majibu yao hupatikana kwa urahisi kuliko ya mtu aliyevunjika mguu, na yakichapishwa kila mwaka kwa Kiswahili yatakuwa hazina.

Wapo watakaoniambia kwamba ufuatiliaji ni anasa ya nchi tajiri. Ninakataa kabisa, na ushahidi wangu unatoka Tanzania. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na ndani yake daktari Karel Styblo pamoja na wenzake Watanzania walijenga utaratibu ambao kila mgonjwa wa kifua kikuu anaandikwa kwenye rejesta, na baada ya matibabu anawekewa jibu moja: amepona, amemaliza dawa, matibabu yameshindikana, amefariki, ametoroka au amehamia. Mratibu wa wilaya hukaa kila robo mwaka akahesabu kundi zima la walioanza dawa, na asiye na jibu hutafutwa. Utaratibu huo uliothibitishwa katika wilaya zetu ndio uliokuwa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi nyingi ziufuate katika miaka ya 1990. Kliniki za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI nazo zinafanya vivyo hivyo kwa kadi na kwa wahudumu wa kujitolea wanaokwenda hadi nyumbani kumuuliza mtu kwa nini hakuja. Kwa hiyo mgonjwa wa kifua kikuu wa Mpwapwa anafuatiliwa kwa namna ambayo muuguzi wa Birmingham angeiheshimu, lakini jirani yake aliyevunjika mguu au aliyenusurika kifafa cha mimba akitoka getini amesahaulika. Sioni sababu ya kitabibu ya tofauti hiyo. Sababu ni kwamba magonjwa yale mawili yalipata fedha na usimamizi wa kitaifa, na mengine hayakupata.

Utafiti wenyewe pia si mgeni katika mkoa wetu. Wilaya ya Kongwa, ambako vikope, ugonjwa wa macho wa kuambukiza uitwao pia trakoma, vilipofusha mabibi na mababu wa watu wengi ninaowafahamu, imekuwa uwanja wa utafiti tangu miaka ya 1980. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, vijiji sita viligawanywa kwa bahati nasibu: vyote vilipewa dawa ya macho, lakini katika vitatu wanavijiji walikaa vikao vya kukubaliana namna ya kuwaweka watoto nyuso safi, katika eneo ambalo maji huchotwa mbali. Watoto wa vijiji hivyo vitatu walikuwa na vikope vikali kwa kiwango kidogo zaidi mwaka mmoja baadaye, na kunawa uso kukapata ushahidi wa kisayansi wa kuwekwa katika mkakati wa dunia wa kupambana na ugonjwa huo. Wanafunzi wangapi wa Kongwa wanafundishwa kwamba mama zao na bibi zao walichangia elimu hiyo? Nilisoma shule huko na sikuwahi kuambiwa. Niliisoma habari hiyo nikiwa ughaibuni, kwa Kiingereza.

Upo uzito mwingine katika kufanya utafiti kwetu badala ya kuazima majibu ya wengine. Kwa miaka mingi miongozo iliyoandikwa kwa kutegemea uzoefu wa nchi tajiri ilisema kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko wa mwili, yaani damu kutozunguka vya kutosha, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Jaribio lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ambako kituo chetu kilikuwa Hospitali Teule ya Muheza, lilihusisha watoto 3,141, na matokeo yake ya mwaka 2011 yaliwashangaza wengi: kati ya waliopewa maji ya haraka karibu asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48, ilhali kati ya wasiopewa walifariki asilimia 7.3. Ninasisitiza kwamba watoto wanaoharisha na kupungukiwa maji hawakuwa katika jaribio hilo, kwa hiyo mzazi asije akamnyima maji mtoto wa namna hiyo. Kwa watoto waliohusika, tiba iliyoaminika na kila mtu ilikuwa ikiua watatu zaidi katika kila mia, na daktari mmoja mmoja asingeweza kuliona hilo wodini hata angekuwa mwangalifu namna gani, kwa sababu mtoto aliyekuja mahututi akafariki huonekana amefariki kwa ugonjwa wake.

Ninakoishi sasa ndiko uliko uongozi wa utafiti mwingine ambao mikono ya wauguzi wetu iliufanikisha. Chuo Kikuu cha Birmingham kiliratibu jaribio la kuzuia kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, likihusu wanawake 210,132. Katika hospitali zilizopewa utaratibu mpya, mama aliwekewa chini karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na ikifikia kiwango fulani hatua zote za tiba zilichukuliwa kwa pamoja bila kusubiri moja ishindwe. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Wakunga wa Tanzania walikuwa sehemu ya ushahidi huo, nami ningependa kuona siku ambayo jaribio la aina hiyo linabuniwa na kuongozwa kutoka Dodoma, na jina la kwanza kwenye chapisho ni la mtu aliyesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

Kuhusu ridhaa, nyumbani tunaongozwa mno na ule msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Hapa mgonjwa anayeombwa kuingia katika jaribio hupewa maelezo kwa maandishi, huachiwa muda wa kushauriana na watoto wake, na akikataa anatibiwa vilevile bila kununiwa. Hofu ya watu wetu kwamba wanafanywa vyombo vya kujaribia haitaondoka kwa matangazo. Itapungua watakapoona watafiti wakirudi kijijini kusema walichogundua. Uingereza nayo ina doa lake katika jambo hili, kwa kuwa mara nyingi wanaoalikwa ni wale wanaozungumza Kiingereza vizuri, na mama wa Kisomali au wa Kipakistani aliyelala kitanda cha pili hupitwa kwa sababu mkalimani hayupo. Aidha, mzee wa hapa anaweza kupona nyonga vizuri kwa takwimu zote na bado akarudi kwenye nyumba isiyo na mtu mwingine. Kwetu ndugu analala chini ya kitanda cha mgonjwa na anajua kila kilichobadilika, na ndugu huyo ndiye chanzo cha taarifa ambacho hospitali zetu hazijakitumia.

Ninachopendekeza kwa idara za mifupa za kanda ya kati hakihitaji mfadhili. Muuguzi mmoja apewe saa chache kwa wiki na salio la simu, ampigie kila mgonjwa aliyevunjika mguu baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, amuulize kama anatembea, kama kidonda kimefunga, kama amerudi kazini na kama alipasuliwa tena kwingine. Kwamba inawezekana, Taasisi ya Mifupa Muhimbili imekwisha kuonyesha: katika jaribio lao la mivunjiko ya wazi, yaani yenye kidonda kinachofika kwenye mfupa, ya mfupa wa goko (ule wa chini ya goti), lililochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 221 kati ya 240 walifuatiliwa hadi mwaka mzima. Liligundua kwamba waliowekewa chuma ndani ya mfupa na waliofungwa fremu ya nje hawakutofautiana kwa kiwango cha kuaminika katika matatizo makubwa, na hilo ni jambo la maana kwa hospitali ambayo mara nyingine huwa na kifaa kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Viongozi wa hospitali huogopa, nami ninaelewa hofu yao, kwamba takwimu zikitoka hospitali ya rufaa itaonekana mbaya kuliko kituo cha afya, wakati inapokea wagonjwa waliochelewa kutoka Singida, Manyara na vijijini Chamwino wakiwa tayari na usaha kwenye mfupa. Hofu hiyo ina jibu la kitaalamu linalotumika hapa kila siku: hali ya mgonjwa alipofika huandikwa kabla ya tiba kuanza, na matokeo hulinganishwa kati ya waliofika katika hali inayofanana. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mapokezi, kuandika siku aliyoumia na siku aliyofika, taarifa mbili ambazo faili la mjomba halikuwa nazo.