Dari ya Gari Ikilegea, Wekeni Pini Chini

Nina ugomvi na pini. Nasema zile za vichwa vya rangi ambazo kazi yake ni kushikilia matangazo kwenye ubao wa ofisi, lakini mjini kwetu zimehamia kwenye dari za magari. Mtu ana gari zuri, injini haitoi moshi, gia zinaingia bila kelele, halafu ukikaa siti ya nyuma unakutana na kitambaa kimetuna kama shavu la mtoto mwenye kitumbua mdomoni, kimechomwa pini kila baada ya shubiri. Wengine wameshonea uzi. Wengine wamepiga stepla. Nimeona hadi vifungo vya koti vimepangwa kwa mistari, na mwenye gari anajisifu kwamba ni urembo.

Kwa maoni yangu njia zote hizi, pamoja na ile inayopendwa kuliko zote ya kuingiza gundi kwa sindano, ni kutupa hela, na fundi anayekubali kuzifanya anajua hivyo. Dari iliyolegea ina tiba moja: ishushwe, isuguliwe, ivalishwe kitambaa kipya. Kama kwa sasa huna uwezo wa kulipia kazi hiyo, ipo njia nyingine ya bure, nayo nitaisema. Haina pini.

Watu wengi huilaumu gundi, na hapo ndipo wanapopotea. Dari ya gari la kisasa ni ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata umbo la paa, ama wa nyuzi za kioo ama wa nyuzi nyingine zilizoshindiliwa. Kitambaa unachokiona hakikubandikwa moja kwa moja kwenye ubao huo. Mgongoni kina sponji nyembamba ya poliyurethani (aina ya plastiki), unene wa milimita 3 hivi, na sponji hiyo ndiyo iliyogandishwa kwenye ubao. Baada ya miaka mingi ya joto na unyevu, sponji huoza. Unyevunyevu wa hewani huivunjavunja taratibu, joto huharakisha kazi hiyo, hadi inabaki unga wa rangi ya chungwa unaomwagika ukigusa. Gundi ya kiwandani mara nyingi iko palepale, imeshikilia nusu ya sponji upande wa ubao. Kilichokufa ni cha katikati.

Ukitaka kuyaona maradhi haya bila kupanda gari, katoe viatu vya mtoko ulivyovihifadhi kabatini miaka nenda rudi ukisubiri harusi. Soli inamomonyoka vipande vipande ukiwa bado hujafika ukumbini. Ni poliyurethani hiyohiyo na unyevu huohuo.

Sasa mtu anapochoma sindano kwenye kitambaa na kusukuma gundi, anakibandika kwenye nini? Kwenye unga. Itashika wiki ya kwanza, mwenye gari atafurahi, atawapigia simu wenzake. Likianikwa juani mchana mmoja wa Januari, kitambaa kinashuka tena, safari hii kikiwa na madoa ya gundi iliyopenya na kukauka. Pini nazo hazifui dafu. Kila pini inayochomoka inaacha tundu, na kila tundu linamwaga unga zaidi. Aliyewahi kushuka kwenye gari la namna hiyo siku ya Ijumaa akiwa na kanzu nyeupe ananielewa.

Wala si suala la urembo tu. Ukishusha vioo barabara kuu, upepo unaingia chini ya kitambaa na kukitunisha hadi kioo cha nyuma hakionekani tena kwenye kioo cha dereva. Kikiachia upande wa mbele, kinakufunika uso huku umeshika usukani.

Huku pwani ugonjwa huu uko nyumbani kwake. Dar, Tanga, Mombasa na Unguja zina vyote viwili, joto na unyevu, na magari mengi hulala nje. Bati la paa la gari jeusi saa nane mchana huwezi kuliwekea kiganja, na dari iko chini yake tu. Magari ya Ulaya ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ndiyo yenye sifa mbaya zaidi, wakati magari mengi ya Kijapani ya saluni, yaani madogo yenye buti ya kujitegemea nyuma, ya rika hilo utayakuta dari zimekaza bado. Volkswagen Beetle za wazee wetu hazikuwa na tatizo hili kabisa, kwa sababu dari yake ilikuwa imetandwa kwenye fito za chuma, bila sponji ya kubandikwa, ikiharibika, inachanika. Sheria zetu nazo haziibadilishi sana hadithi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na Tanzania hulitoza la zamani ushuru wa ziada kwa uchakavu, lakini likishafika, gari linaishi hapa mpaka wajukuu wajifunzie kuendesha.

Kazi yenyewe si ya uchawi, ila inataka subira. Unatoa vizuia jua, vishikio vya mkono, taa ya ndani, vifuniko vya nguzo na raba za milango. Klipu za plastiki zilizozeeka hukatika, kwa hiyo nunua za akiba kabla ya kuanza. Siti za mbele zinalazwa kabisa, ubao unatolewa kwa mlango wa mbele wa abiria, au kwa nyuma ikiwa gari lina mlango mkubwa wa buti. Hapa wanahitajika watu wawili. Ubao ukikunjika, alama ya mkunjo itaonekana kwenye kitambaa kipya maisha yote, na mafundi wengi hukimbilia kufanya peke yao ili wasigawane hela.

Kisha inakuja sehemu ambayo ndiyo kazi hasa: kusugua. Kitambaa cha zamani kinachunika kirahisi, lakini sponji iliyooza inabaki ubaoni kama utando, nayo ni lazima itoke yote. Brashi ya kawaida isiyo kali inatosha; ya chuma itachuna ubao wenyewe. Vaa barakoa, fanyia nje, mbali na nguo zilizoanikwa. Kipimo ni kiganja: pitisha juu ya ubao, kikirudi na unga, endelea. Ningekuwa na amri, ningemkataza fundi yeyote kufungua kopo la gundi kabla mwenye gari hajaupapasa ubao kwa mkono wake. Dari nyingi zinazolegea mara ya pili hazikusuguliwa vya kutosha mara ya kwanza.

Gundi iwe ya kuhimili joto. Ile ya kawaida ya kubandikia mbao na viatu hulegea paa likipata moto, na paa hupata moto kila siku ya Mungu. Soma kopo, kama halikuandika kiwango cha joto, lirudishe rafuni. Mimi nisingekubali iliyoandikwa chini ya nyuzi 70 za Selsiasi. Inapakwa pande zote mbili, ubaoni na mgongoni mwa kitambaa, kwa wepesi, kisha inaachwa hadi ukiigusa kwa kifundo cha kidole isikufuate. Ikizidi, inapenya sponji na kuacha madoa. Kitambaa kinalazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, nusu kwanza, halafu nusu ya pili, huku kiganja kikikisukuma ndani ya kila bonde. Usikivute. Fundi aliyezoea siti ana tabia ya kuvuta, maana siti hupendeza ikivutwa. Dari ikivutwa, kitambaa kinaruka bonde la taa kama kamba, na hapo ndipo kitakapoanza kubanduka. Iache ikauke usiku kucha kivulini kabla ya kukata matundu na kuirudisha.

Kitambaa cha kununua ni kile chenye sponji yake mgongoni, kilichotengenezwa kwa ajili ya dari. Upana wake kwa kawaida ni kama mita 1.5, na gari la saluni linakula mita 2 hivi. Gari refu lenye nafasi ya mizigo nyuma linataka karibu 3. Hapa ndipo ninapopishana na vijana. Ngozi bandia nzito kwenye dari ni mzigo kwa gundi, na kitambaa cha pazia kisicho na sponji kinaonyesha kila kovu la ubao. Zile taa ndogo za nyota siziungi mkono wala sizipingi, mradi aliyezifunga anajua umeme, maana waya zilizoungwa kwa seloteipu juu ya kichwa cha mtu si mapambo.

Kabla ya yote hayo, hakikisha hakuna maji. Gari lenye dirisha la paa lina mirija midogo pembeni ya kupitisha maji ya mvua, na mirija hiyo huziba kwa vumbi na majani. Maji yakikosa njia yanaingia kwenye dari. Ukiona doa la kahawia kuzunguka dirisha hilo au karibu na taa, shughulikia uvujaji kwanza, la sivyo kitambaa kipya kitakufa masika yajayo. Na ukienda kununua gari la zamani ukakuta kila kitu ndani kimechakaa isipokuwa dari, uliza kwa nini. Huenda mwenyewe alichoka na pini, huenda gari liliwahi kubiringika.

Jambo moja sitaki mzaha nalo. Gari lenye maandishi ya airbag kwenye nguzo, hasa juu karibu na dari, lina mifuko ya hewa ya pembeni iliyofichwa kandokando ya paa. Betri inachomolewa waya kwanza na kuachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na hakuna kinachogundishwa wala kushonewa juu ya njia ya mfuko huo. Pini kwenye ukingo wa dari ya gari kama hilo ni kitu kinachoweza kurushwa kwenye uso wa abiria siku ya ajali. Fundi akikwambia mifuko hiyo haifanyi kazi kwenye magari ya zamani, chukua funguo zako.

Nimeahidi njia ya bure. Kama fedha haipo, kibandue kitambaa chote. Kivute kutoka nyuma kuja mbele, kitupe, usugue ule unga mpaka kiganja kirudi safi. Utabaki na ubao mtupu, wenye rangi ya udongo au kijivu, usio na sura lakini msafi na usiomwagikia mtu. Kelele za mvua zitaongezeka kidogo. Abiria wakiuliza, waambie kitambaa kiko kwa fundi, na siku ukipata hela, nusu ya kazi utakuwa umeshaimaliza.