Msiendelee Pale Mlipoachia

Shule zikifungwa kwa muda mrefu kisha zikafunguliwa, kuna sentensi moja ambayo huingia darasani kabla hata ya chaki: "Tunaendelea pale tulipoachia." Ilisemwa Januari 2021, watoto wengi wa Kenya waliporudi baada ya korona kuwaweka nyumbani miezi tisa na ushei, ya redio, runinga na simu ya mzazi. Ikasemwa tena Mei 2024, mafuriko yalipousogeza muhula wa pili kwa wiki mbili. Kila inaposemwa hunikera, kwa sababu aliyeachia pale ni mwalimu. Alama imo kwenye kitabu chake, na mpango wa kazi umo kwenye faili lake. Mtoto hayuko pale. Wachache wamesonga mbele kwa kuwa nyumbani kuna dada aliye sekondari, wengi wamerudi nyuma, na wapo waliorudi nyuma hadi kupita mahali walipoanzia mwaka.

Mchukue mtoto aliyekuwa Gredi ya 1 mwaka 2020. Shule zilipofungwa katikati ya Machi alikuwa amekaa darasani takriban wiki kumi, ndiyo kwanza anaanza kuunganisha silabi. Akakabidhiwa redio. Vipindi vya KICD, taasisi ya kutunga mitaala ya Kenya, vilivyorushwa na redio ya taifa, KBC, sivibezi hata kidogo. Watoto walisikia hadithi, nyimbo na hesabu za kichwa, na kwa nyumba isiyo na umeme hiyo ndiyo ilikuwa shule yote. Lakini redio hufundisha sikio. Haioni jicho la mtoto limetua kwenye neno gani, wala haioni penseli imeshikwa vipi. Mtoto hujua kusoma kwa sababu kuna mtu anayemsikiliza akikosea na kumrekebisha papo hapo. Huyo mtu ndiye aliyekosekana.

Na kazi za WhatsApp je? Simu ilikuwa kwa baba, baba yuko kazini hadi jioni, bando limeisha. Pale kazi ilipofanyika, ilirudi kwa picha, na picha haimwonyeshi aliyeandika. Mwalimu aliyepanga darasa lake kwa kutegemea picha hizo alipanga darasa la kaka na dada zao. Daftari za nyumbani ziwekwe kando siku ya kwanza. Zinaonyesha bidii ya familia, na familia ishukuriwe kwa hilo, ila hazionyeshi mtoto anajua nini.

Basi kazi ya siku ya kwanza na ya pili ni kupima, mtoto mmoja mmoja, kwa mdomo. Mtihani wa darasa zima kwenye karatasi hauna maana hapa: asiyesoma hawezi kulisoma swali, na mwenye akili ya kujinusuru ataangalia kwa jirani.

Kipimo chenyewe ni karatasi moja yenye sehemu nne: silabi kumi, maneno kumi ya kawaida, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi ya sentensi nane au kumi pamoja na maswali mawili. Pratham, shirika la elimu la India, walifanya kipimo cha namna hii kijulikane duniani, na hapa kwetu shirika la Uwezo wamekitumia kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni gurudumu jipya. Anza na aya, si silabi. Mtoto akiisoma kwa mtiririko, akikwama mara mbili tatu tu, mpe hadithi. Akishindwa na aya, shuka kwenye maneno, achague matano mwenyewe. Akipata manne, ngazi yake ni maneno. Asipoyapata, shuka kwenye silabi kwa utaratibu uleule. Asiyepata silabi nne kati ya tano yuko mwanzo, na hapo ndipo atakapoanzia hata kama sare yake inasema Gredi ya 4.

Mtoto mmoja huchukua dakika tatu au nne. Darasa la watoto 60 ni saa tatu hadi nne za kazi. Walimu wawili hulimaliza asubuhi moja, mwalimu mmoja asubuhi mbili huku watoto wanaosubiri wakichora au wakicheza uwanjani na mwalimu wa zamu. Anayesema hana muda wa kupima atapoteza muhula mzima akifundisha watu asiowajua.

Kupima nako kuna mitego. Ukimpima mtoto mbele ya wenzake, wa saba ataiimba aya aliyoisikia kwa sita waliomtangulia bila kuisoma. Andaa matoleo manne ya aya, na mpimie mbali kidogo, chini ya mti au kwenye veranda. Usitumie ukurasa wa kitabu walichokuwa nacho nyumbani, kwa kuwa watakuwa wamekikariri. Ukimshuku, elekeza kidole kwenye neno la katikati ya mstari, au mwambie asome maneno ya mstari huo kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Anayesoma atapungua kasi tu, aliyekariri atanyamaza. Usimsaidie kwa kutamka silabi ya kwanza, mkono wa mwalimu huwa mwepesi sana hapo. Tena usichanganye lafudhi na kushindwa kusoma. Mtoto wa magharibi mwa Kenya akiona "mtoto" akatamka "mutoto" amesoma sawasawa. Aliyeona "ng'ombe" akatamka "ngoma" kwa sababu ya herufi mbili za mwanzo, huyo anakisia. Na angalia hasa wanapofika kwenye mba, ndi, nywa, shwa. Ba be bi bo bu hubaki kichwani kama wimbo. Zile za konsonanti mbili tatu ndizo huyeyuka kwanza.

Baada ya kupima, matokeo yasiishie kwenye faili la mwalimu mkuu. Nimechoka na matokeo yanayoandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu kisha kila mtoto anarudi kwenye dawati lilelile, kitabu kilekile, ukurasa uleule. Maana yote ya kupima ni kuwapanga upya.

Panga saa moja kila siku ambapo Gredi ya 3, 4 na 5 wanasoma kwa wakati mmoja, na watoto wagawanywe kwa ngazi ya kusoma badala ya umri. Wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya na hadithi pamoja. Hapa ndipo shule nyingi hukosea, tena kosa lenyewe hupendeza machoni: mwalimu hodari huachiwa kundi la hadithi, kwa sababu ndilo litakaloipa shule jina, na kundi la silabi hupewa mwalimu wa mazoezi au yeyote asiye na kipindi. Igeuzeni. Mwalimu bora apewe walio chini kabisa, na wasizidi 30. Kundi la hadithi linaweza kufika hata 50 bila madhara makubwa, kwa kuwa lina vitabu na limeshajua njia.

Saa hiyo ya kundi la chini haihitaji vifaa vya gharama. Chukua katoni za sabuni au biskuti, zikate kadi 50, za konsonanti kumi kwa vokali tano, seti moja kwa watoto wanne. Dakika kumi za chati ya silabi ukutani, lakini kijiti cha mwalimu kirukeruke: ka, so, mu, le. Ukifuata mpangilio wa chati watakuimbia wimbo wakiwa wameangalia dirishani. Dakika kumi na tano za kadi sakafuni, kuunda maneno: ka na ta, kata, geuza, taka, ongeza si, kasi. Hapo mtoto hugundua kwamba neno hujengwa na kubomolewa, na uso wake hubadilika. Kisha dakika kumi na tano za kusoma pamoja kifungu kifupi kilichoandikwa ubaoni, kila mtoto akisogeza kidole kwenye nakala yake, mwalimu akipita na kutega sikio kwa mmoja mmoja. Dakika kumi za kuandika maneno matatu yaleyale yaliyoundwa kwa kadi. Zinazobaki ni za mazungumzo, watoto waseme wenyewe, kwa sababu wengine wamerudi shuleni wakiwa kimya kupita kiasi.

Kila wiki ya pili pima tena wale wanaokaribia kuvuka. Atakayevuka ahame kesho yake, asingoje mwisho wa muhula. Watu huuliza kama watoto wa kundi la chini hawataona aibu. Wataona, wakiachwa humo. Majina mazuri ya makundi hayamdanganyi mtoto yeyote, ndani ya siku mbili wanajua nani yuko wapi. Kinachoondoa aibu ni kuona wenzako watatu wamehama wiki hii na wewe umebakiza maneno machache.

Hesabu zifuate njia hiyohiyo, na makosa yake huonekana haraka. Mwambie aandike mia tatu na mbili. Akiandika 3002, hajui nafasi ya tarakimu, na kumfundisha kutoa kwa kukopa ni kumtwisha mzigo asioweza kuubeba. Mpe 52 kutoa 17. Jibu likiwa 45, ujue anatoa namba ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu. Vijiti mia moja vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira husaidia sana kumaliza tatizo hili, sharti mtoto mwenyewe afungue fungu la makumi kwa mikono yake na kuona vijiti kumi vikimwagika upande wa mamoja.

Mengine nitayapitia kwa kifupi. Mwili wa mtoto umesahau kukaa: kipindi cha dakika 30 kigawe vipande vitatu, na asimame katikati. Usingizi urekebishwe nyumbani wiki moja kabla, dakika 15 mapema kila usiku. Rejista isomwe kwa makini siku ya tatu, na jina lisiloitikiwa lifuatwe siku hiyohiyo kupitia mzee wa mtaa, Nyumba Kumi, au mtoto wa jirani. Ukingoja wiki mbili, kijana wa Gredi ya 6 aliyeonja hela ya kuuza njugu hutampata kirahisi. Msichana aliyejifungua ana haki ya kurudi, na mwalimu wa kwanza kukutana naye langoni asimuulize chochote zaidi ya jina la darasa lake.

Na sare. Mtoto wa miaka minane akikaa nyumbani miezi tisa, suruali humpanda juu ya vifundo na viatu havimwingii. Kumrudisha nyumbani kwa sababu hiyo, baada ya yote aliyopitia, ni ukatili. Mwache aingie na nguo aliyo nayo.

Najua jibu nitakalopewa: silabasi. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwalimu hakuibuni presha hii. Baada ya Januari 2021 kalenda ilibanwa, mihula ikawa ya takriban wiki kumi, likizo zikawa za kupepesa macho, na mambo hayakurudi mahali pake hadi Januari 2023. Mwalimu aliyefuatwa na mkaguzi akiulizwa yuko ukurasa wa ngapi alikuwa na sababu ya kukimbia. Nakubali pia kwamba saa moja kwa siku lazima itoke mahali, na itatoka kwenye masomo ambayo nayo yana mtihani. Lakini hebu tuseme ukweli. Somo la Sayansi lililosomwa na asiyeelewa aya halijafundishwa, limetajwa tu. Uganda, ambako shule hazikufunguliwa kwa watoto wote hadi 10 Januari 2022, walipandisha wanafunzi darasa na kufupisha mtaala. Kufupisha naunga mkono kwa mikono miwili. Kupandisha darasa naelewa sababu yake, maana huwezi kumrudisha mtoto aliyeota ndevu kwenye kiti cha mdogo wake. Ila kupandishwa darasa bila saa ya ngazi yako ni kuhamishiwa chumba kingine ukiwa na tatizo lilelile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba deni hili halijaisha. Yule mtoto wa Gredi ya 1 wa mwaka 2020, akipanda bila kurudia, alifika KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, mwishoni mwa 2025, na sasa ameingia sekondari ya msingi. Yumo kwenye madarasa yetu. Ukimwona kijana wa Gredi ya 7 anayekwepa kusoma kwa sauti, anayesingizia macho, anayechekesha darasa zamu yake ikikaribia, kabla hujamwita mvivu hesabu kurudi nyuma uone alikuwa wapi Machi 2020. Kisha mwite pembeni wakati wa mapumziko, mbali na wenzake, umpe aya ya sentensi nne. Dakika tatu zinatosha kujua, na kadi zile 50 za katoni bado zinafaa hata kwa mkono wake mkubwa.