Siku Nilipomwamkia Mama Mkwe kwa Sauti ya Kiboko

Kazi yangu ni kutunza mashine moja tu, nayo imefungiwa nyuma ya kuta za zege zenye unene wa karibu mita 2, katika hospitali moja ya hapa Kisumu ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa lilikuwa langu, si la hospitali. Wagonjwa huiita mashine ya kuchoma, wakwe zangu wa Luanda huiita stima, na wanafizikia huiita kichapuzi cha mstari. Ndani yake elektroni hubebwa na mawimbi ya mikrowevu hadi zikaribie mwendo wa mwanga, kisha zikagonga kipande kidogo cha tungsteni, na kutokana na kishindo hicho hutoka eksirei zenye nguvu ya kuua seli za saratani. Ni kitinda mimba katika ukoo ambao kaka yake mkubwa yuko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, naye ana mzingo wa kilomita 27.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la pili ambalo msomaji hana budi kulijua, nalo halihusiani na elektroni hata kidogo. Mahari yangu ilikuwa haijaisha. Upande wa mke wangu ulishikilia kwamba ng'ombe waliobaki ni wawili, nami kwa miaka minne nilikuwa nimeshikilia, kupitia kwa wazee na kwa sura ya mtu aliyeonewa, kwamba amebaki mmoja. Mama mkwe wangu hakuwahi kunitamkia neno juu ya ng'ombe hao, kwa sababu katika desturi tuliyokulia mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawataniani, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta kitu cha kutazama upande wa pili wa barabara.

Asubuhi hiyo mashine iligoma. Skrini ilionyesha kwamba shinikizo la gesi limeshuka, na mashine hizi zina mlolongo wa swichi za usalama ambao ukikatika mahali pamoja tu, hakuna mionzi itakayotoka, hata umbembeleze vipi. Gesi inayohusika inaitwa salfa heksafloridi. Mawimbi ya mikrowevu yanayotoka kwenye magnetroni, chombo kinachoyazalisha, husafiri ndani ya bomba la shaba la mstatili, na kila mpigo huwa na nguvu ya mamilioni ya wati kwa kitambo kifupi mno. Lingekuwa na hewa ya kawaida, radi ndogo zingepiga humo ndani na kuharibu vyombo vya bei ambayo siwezi kuitaja mbele ya mhasibu. Gesi hiyo huzuia cheche, ndiyo maana hujazwa humo kwa shinikizo la takriban mara mbili ya hewa tunayoivuta.

Nilichomoa ufunguo wa mashine nikautia mfukoni, kama inavyotakiwa, ili asitokee mtu wa kuiwasha nikiwa ndani. Kisha nikaanza kutafuta mahali panapovuja kwa kifaa ambacho hakijapitwa na wakati: maji ya sabuni ya kuoshea vyombo na brashi ndogo ya rangi. Nilipaka kiungo baada ya kiungo mpaka, kwenye kiungo cha nne, povu dogo likaanza kuvimba polepole, likang'aa rangi za upinde wa mvua, likapasuka, na jingine likazaliwa mahali pale pale. Nilipofungua nikakuta ringi ya mpira imekauka na kupasuka kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Kuibadilisha kulinichukua robo saa.

Aibu yangu ilianza nilipofika kwenye kazi ya kujaza. Gesi mpya haitiwi mara moja ikaisha. Unajaza, unatoa, unajaza tena, ili hewa yenye unyevu iliyoingia bomba lilipofunguliwa itoke yote. Inayotoka haitakiwi kuachwa ipotelee angani, kwa kuwa katika miaka 100 gesi hiyo hunasa joto takriban mara 23,500 kuliko kiasi kile kile cha kaboni dayoksaidi, kwa hiyo huelekezwa kwenye mtungi mtupu kwa mpira maalumu. Mpira huo niliufunga kwa mkono. Spana ilikuwa juu ya kitanda cha mgonjwa, hatua tatu kutoka nilipokuwa nimelala, na nilizipima hatua hizo tatu nikaona ni nyingi.

Katika kutoa gesi kwa mara ya tatu mpira ulichomoka na kutumbukia katika kishimo cha nyaya kilichoko chini ya mashine. Sikuusikia, kwa kuwa pampu ya maji ya kupozea ilikuwa ikinguruma kama posho mili. Wala sikunusa kitu, kwa maana gesi hiyo haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara tano hivi, ilitulia ndani ya kishimo kama uji ndani ya bakuli. Nami nilikuwa nimelala kifudifudi, kichwa kimo katika bakuli hilo hilo, nikiikagua vali ya chini kwa tochi.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshuka kwenye matatu ya kutoka Luanda, amebeba kuku wa mjukuu wake, akakuta nyumba yetu imefungwa. Alinipigia simu mara kadhaa bila mafanikio, maana zege linalozuia eksirei huzuia pia mtandao wa simu. Akaja hospitalini. Dada anayeendesha mashine, ambaye ana moyo mwema kuliko inavyofaa, alimwingiza katika chumba cha kuendeshea, akamwonyesha kwenye skrini ya kamera mahali nilipo, na akafungua kipaza sauti.

"Injinia, kuna mgeni wako hapa. Ni mama yetu kutoka Luanda."

Nilishtuka, nikavuta pumzi ndefu ya adabu, nikajibu: "Mulembe, mama. Karibu sana."

Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa sauti ya kiboko aliyekatizwa usingizi pale ufuoni Dunga. Sababu yake ninaieleza sasa kwa utulivu ambao siku ile sikuwa nao: katika gesi hiyo sauti husafiri mita 135 hivi kwa sekunde, ilhali hewani hupita mita 340, na kwa hiyo mwangwi wa koo na kinywa huteremka hadi chini ya kisima ijapokuwa nyuzi za sauti zinatetemeka vile vile kama kawaida. Heliamu hufanya kinyume chake. Mwezi wa Septemba 2008, siku chache tu baada ya kuwashwa, ile mashine kubwa ya CERN ilipata hitilafu ya umeme ikavujisha takriban tani 6 za heliamu ya kuipozea na kulala zaidi ya mwaka mmoja. Handaki halikuwa na mtu, lakini angekuwamo fundi akapigiwa simu na mama mkwe wake, angemjibu kama kifaranga, na kifaranga angalau hamwogofyi mtu.

"Huyo ni nani?" aliuliza mama.

"Ni mimi, mama. Ni mkwe wako."

"Mkwe wangu hana sauti hiyo. Mbona simwoni kichwa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kamera ile imewekwa kumwangalia mgonjwa kitandani, na kutoka pembe yake kilichoonekana cha mwili wangu ni miguu miwili iliyochomoza chini ya mashine, nikiwa na soksi tu, moja imetoboka kwenye kidole gumba. Miguu haikusogea. Sauti ilitoka ndani ya mashine. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefikia uamuzi alioufikia yeye, kwamba stima imemmeza baba wa mjukuu wake na sasa inajaribu kumsemea.

"Mama, usiogope, ni gesi tu," nilinguruma, na neno "gesi" likatoka refu kama king'ora cha meli. Hapo mimi mwenyewe nikacheka, na naomba radhi, kwa sababu kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo kabisa. Mlango wa chumba cha kuendeshea ulikuwa wazi, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walisikia zimwi likicheka na mama mmoja akilikemea kwa jina la Bwana limtapike mkwewe.

Nilipohisi kichwa kinakuwa chepesi, nilielewa kwamba gesi ile inakalia nafasi ya oksijeni, na mzaha ukaniishia. Nilifunga vali, nikajikokota kutoka kishimoni, nikasimama na kuvuta hewa mara nne, tano. Kisha nikatembea haraka katika ule ujia uliopindwa makusudi ili mionzi isifike mlangoni, nikijisemea kimoyomoyo, nikatokea mbele yao na kuamkia tena kwa sauti yangu ya siku zote.

Mama mkwe alirudi nyuma hatua mbili akamnyanyua kuku mbele yake kama ngao. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe binti yake, akanihoji mbele ya dada wa mashine, mwanafunzi wa mafunzo kazini na foleni nzima:

"Kama kweli wewe ni mkwe wangu, niambie ng'ombe waliobaki ni wangapi."

Nilikuwa natweta, oksijeni ndiyo kwanza inapanda kichwani, na kitu pekee nilichokitaka duniani ni kuaminiwa.

"Wawili, mama."

"Ndiye," alisema, akamshusha kuku.

Kabla ya jioni shinikizo lilikuwa limetulia, mwanafizikia wetu akapima mionzi na kuikuta ndani ya ile asilimia 3 inayoruhusiwa kwa vipimo vya kila siku, na wagonjwa wakahudumiwa wote, ingawa mzee mmoja alisisitiza kwanza aonyeshwe chini ya mashine. Wazee wa Luanda walipofika Jumapili hawakuja na hoja. Walikuja na majina ya mashahidi, kumi na mmoja kwa hesabu yao, na wa kwanza katika orodha alikuwa dada anayeendesha mashine.