Ya Nne Ndiyo ya Kwanza, na Mimi Nikae Kimya?

Hesabu mimi nilifunzwa kwa kiboko. Moja, mbili, tatu. Ukiruka, mkono nje. Leo na mvi zangu, vijana wamekaa barazani kwangu, baraza nililolipaka chokaa kwa pesa yangu mwenyewe, wananifunza kuhesabu upya: unaanza ya nne, ya tano, ya sita, kisha unarudi ya kwanza. Nikiuliza sababu naambiwa, "Ami, hizi ni filamu za Star Wars, tulia."

Nitulie vipi? Hapa Langoni, Lamu, watu walikuwa wakibishana mambo ya maana: nani anamposea nani, punda wa nani ana mbio, nani kamzidi mwenziwe kwa tanga. Ubishi wa mashindano ya majahazi una heri yake, maana jahazi moja hutangulia, watu wote wakaona, mkaenda zenu kula. Huu wa vita vya angani hauna bandari. Kila mtu ana orodha yake, ipi juu, ipi chini, ipi takataka, na kila orodha ina wakili.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyejitia kunifafanulia. Ati huyo George Lucas aliyezitunga, alipoitoa ya kwanza, 1977, haikuwa na nambari yoyote. Ikaonyeshwa, watu wakaipenda, akatia mfukoni chake. 1981 ilipoonyeshwa tena ndipo ikabandikwa kuwa ni sehemu ya nne. Ya kwanza yenyewe ikaja 1999. Nikamwambia, Mwalimu, mimi mwanangu wa kwanza akikaa miaka minne bila nambari, kisha nimwandikishe kuwa wa nne, si mama yake ataniuliza wale watatu nimewazaa wapi?

Akanijibu kuwa kuna watu wenye mpango wao wa kutazama: ya nne, ya tano, unarudi ya pili, ya tatu, unamalizia ya sita. Ya kwanza unaitupa. Unaitupa! Pesa za watu zile.

Haya yote ningeyameza. Kilichonikaba ni Fundi. Fundi nilimwita kwa ajili ya pampu. Tangi la juu kavu, mke wangu yuko ghorofani na sufuria za jana, na Fundi amekuja kwa wakati, jambo ambalo kwa mafundi ni karama. Ila kuifikia pampu sharti apite barazani. Akaweka sanduku la vyombo vyake chini, akasema, "Nasikia mnaitia ile ya 1980 juu ya zote. Hebu subirini." Basi. Nikajua leo hatuogi.

Muuza kahawa naye akapita na dele lake, akigonganisha vikombe. Akaombwa vikombe. Si kahawa, vikombe. Wakavipanga juu ya baraza, kila kikombe filamu moja. Upande wa mlangoni ndiyo bora, upande wa mtaroni ndiyo hovyo. Filamu walizozihesabu zilikuwa kumi na moja: zile tisa zenye nambari, halafu Rogue One ya 2016 na Solo ya 2018. Vikombe vilikuwa kumi, kwa hiyo Solo ikawakilishwa na kokwa ya tende. Hakuna aliyepinga, na hilo ndilo jambo la pekee walilokubaliana mchana kutwa.

Sasa angalia watu wanavyoamua mambo. Mwenye duka la nafaka alikamata kikombe cha 1999 akakipeleka mlangoni kabisa. Watu wakapiga kelele, maana hiyo ndiyo yenye yule kiumbe wa masikio ya kuning'inia, Jar Jar, ambaye akitokea tu watu wazima hushika vichwa. Mwenye duka hakutikisika. Ati maandishi ya mwanzo tu yanasema ugomvi umeanzia kwenye ushuru wa njia za biashara. "Hii ndiyo pekee inayosema ukweli," akasema. "Vita vyote chanzo chake ushuru. Nyie mnaangalia panga za taa, mimi naangalia ushuru."

Kijana wa Shela, ambaye kwao ukifungua dirisha mchanga unaingia na kukaa kitako kama mgeni, akachukua kikombe cha 2002 akakitupa kule mtaroni bila kuuliza. Kosa lake? Yule kijana Anakin, anapombembeleza binti wa watu, anaanza kulalamika kwamba hapendi mchanga, unakwaruza na unaingia kila mahali. "Amelelewa jangwani, anachukia mchanga. Mtu asiyependa kwao atampenda nani?" Na kweli huyohuyo ndiye anayegeuka Darth Vader, kwa hiyo siwezi kusema kijana hana hoja.

Mwalimu akadakia papo hapo kwamba jangwa lile limepigwa picha Tunisia, na hata jina la ile sayari, Tatooine, limetoka kwa mji wao wa Tataouine. Nyumba ya Luke, mwana wa huyo Anakin, iliyochimbwa ardhini, iko Matmata. "Hii ni sinema ya Afrika," akatangaza, kifua mbele, utadhani alishika kamera.

Nahodha alikuwa kimya mpaka ulipofika ugomvi wa yule rubani, Han Solo. Kuna mahali mle 1977 anajisifu kuwa chombo chake kilikata njia ya Kessel kwa parsek chini ya 12. Mwalimu akacheka kwa pua: parsek ni umbali, si muda, ni sawa na mtu kujisifu kuwa amefika Faza kwa maili chache. Hapo Nahodha akaweka chini kikombe (ilikuwa 2005, akaiweka nafasi ya tatu bila kujua, nayo ikakaa hapo hapo hadi jioni). "Wewe Mwalimu huyui kitu," akasema. "Mai yakiyaa wakata Mkanda, ndani ya mikoko, ndiya huwa fupi. Mai yakipwa wazunguka nje ya Manda, ndiya huwa ndefu. Nahodha mwema hupimwa kwa umbali." Baraza zima likanyamaza. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini kuwa ile Solo ya 2018 inaeleza jambo hilo hilo, jamaa alipitia njia ya mkato yenye hatari. Nahodha akaiokota kokwa ya tende, akaipandisha hadi nafasi ya pili. Wakamwachia kwa heshima. Mtu mwenye boti hukosani naye, utavuka na nani Mokowe?

Kuna na hawa wawili, mtu na binamu yake, hawasemezani. Sababu ni kwamba mmoja alitazama nakala ya zamani, ambamo Han amekaa mkahawani na yule mwindaji wa kijani, akampiga risasi chini ya meza na kwenda zake. Mwingine flashi yake ina ile iliyorekebishwa 1997, ambamo yule wa kijani ndiye anayeanza kupiga, tena anakosa na wako meza moja. Kila mmoja ana ushahidi wa macho. Mama zao wamejaribu kuwapatanisha kwa biriani.

Mke wangu alikuwa akisikiliza dirishani. Nilidhani anangojea maji. Kumbe anangojea zamu. Akateremka, akasimama mlangoni, akasema yeye haoni ubishi hapa, ile ya 1980 ni juu ya zote, kwa sababu ni kesi ya Kadhi tupu. Mwanamume, yule Darth Vader wa barakoa nyeusi, ana watoto pacha, mmoja kalelewa na jamaa jangwani, mwingine kalelewa na watu baki, matunzo hakutoa hata senti, kisha anamkata mwanawe mkono ndipo anamwambia mimi ndiye babako. "Angekuwa Lamu, angeletwa na askari," akasema. Na baba mwenyewe ni watu watatu! Mwili ni wa David Prowse, sauti ni ya James Earl Jones, na 1983 barakoa ilipovuliwa uso ukawa wa Sebastian Shaw. Nikamuuliza, sasa matunzo utayadai kwa yupi? Akaniambia, kwa mwenye sauti. Sauti ndiyo iliyokiri.

Halafu akaingia kwa Lupita Nyong'o, na hapo hata mimi nilikuwa upande wake. Binti yetu kachukua Oscar 2014, Kenya nzima tukapiga vigelegele. 2015 wakamtia kwenye ya saba, tukakaa tayari kumwona. Tukaonyeshwa kibibi kidogo cha rangi ya chungwa, miwani kama vifuniko vya chupa, umri zaidi ya miaka 1,000, kimetengenezwa kwa kompyuta. Mwigaji ni yeye, sauti ni yake, lakini sura humwoni. "Mimi nikivaa ninja," mke wangu akasema, "angalau macho ni yangu."

Vikombe vya 2015, 2017 na 2019 vikasukumwa pamoja upande wa mtaroni. Hapo hapo punda wa mtu akapita na magunia ya mchanga. Kichochoro chetu unakijua, punda mmoja na mtu mmoja ni msongamano. Gunia likakwangua baraza, 2017 ikaruka, ikazama mtaroni. Nusu ya watu wakashangilia kuwa hiyo ni hukumu ya haki. Nusu nyingine walitaka punda arudishwe atoe maelezo.

Nikaona huu ndio wakati. Nikamwambia Fundi, mwanangu, pampu. Akaniomba nafasi ya neno moja tu, akakipandisha Rogue One mlangoni kabisa, juu ya wote. Nikamuuliza kisa. Akasema ndiyo sinema pekee duniani iliyomheshimu fundi. Mnakumbuka kile kituo cha vita cha kina Vader, Death Star, mwaka 1977, kilichoangushwa kwa makombora kwenye tundu dogo? Watu wakacheka miaka na miaka, wakasema fundi gani huyo kaacha tundu. 2016 ndipo ikajulikana: aliliacha makusudi. Walimlazimisha kazi, naye akawatilia kasoro ndani ambayo hakuna wa kuigundua mpaka siku ya siku.

Alivyosema "makusudi" macho yake yalikuwa yanang'aa. Nikaitazama ngazi ya kuelekea kwenye pampu. Pampu ile aliifunga yeye. Na kabla yake ya zamani aliifunga yeye. Wale wa sinema nao walijenga cha pili, kikalipuliwa 1983, wakajenga cha tatu kikubwa zaidi, kikalipuliwa 2015. Tenda ile ile.

Sasa mnaniuliza yangu ipi. Hawakuniuliza, lakini mwenye baraza hasubiri kuulizwa. Yangu ni hiyo hiyo ya 1983, ambayo wao wameiweka katikati kwa dharau, ati kwa sababu ya wale dubu wadogo wa msituni wanaowashinda askari wenye deraya kwa mawe na magogo. Haiwezekani, wanasema, ni mchezo wa watoto. Haiwezekani? Nyie mmezaliwa wapi? Mombasa na Pate walikuja hapa Shela kutupiga, na maringo yao, wakapigwa, wakakimbilia vyombo, maji yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya mchanga. Mnakula halua ya kisiwa kilichookolewa na maji kupwa, halafu mnamcheka dubu mwenye gogo?

Tena mle ndani kuna mwenzetu. Chombo cha Han siku ile kinaendeshwa na rafikiye Lando, na pembeni yake yuko rubani mwenye mashavu ya kumwagika, Nien Nunb. Sauti yake ilitolewa na mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich, na katika alichokisema mna Kikuyu. Jina la Bonde la Ufa, maneno ya Mlima, chombo kiko angani. Hiyo ndiyo Kenya. Jirani yangu mwenye hardware, mtu wa Nyeri, tulipotazama pamoja alicheka peke yake mpaka tukampiga mgongo tukidhani amepaliwa na tende. Watu wengine ulimwenguni walidhani wanasikia lugha ya sayari ya mbali.

Nikakishika kikombe cha 1983, nikakiweka mbele ya Rogue One, mbele ya kizingiti, ndani ya nyumba kabisa. Akitaka mtu kukishusha, apite juu yangu.

Hapo muuza kahawa akaanza kudai. Vikombe vimezuiwa tangu adhuhuri, kimoja kiko mtaroni, wateja wamempita hivi hivi. Atalipwa na nani? Kila mtu akatazama kikombe kilichoguswa mwisho, na mkono uliokigusa. Nikalipa mimi.

Mke wangu akatoka na ndoo. Alizipanga kwenye kizingiti pale pale vilipokuwa vikombe, akasema mwenye orodha abebe ndoo, kisima kiko nyuma. Nahodha akakumbuka maji yanajaa. Mwalimu akakumbuka ana udhu na hataki kujirusharusha maji. Mwenye duka akakumbuka duka. Tukabaki mimi na Fundi, na pampu imefunguliwa juu, kapasita imekufa, mpya itoke Mombasa.

Ngazi za nyumba zetu ni nyembamba na zina kona, mtu mwenye ndoo mbili hana pa kumkwepa mwenziwe. Tulipofika kona ya kwanza, nikamsikia anakohoa nyuma yangu.

"Ami," akasema, "sasa na zile za televisheni?"