Wawekeeni Mkataba Mezani Kabla Hawajamaliza Shule

Nilikuwa na miaka 21, na cheti changu cha sekondari kilikuwa na alama ya juu kabisa ya hisabati, nilipotia sahihi mkopo wangu wa kwanza. Ofisa aliyenihudumia alikuwa mpole. Alifunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akinionyesha kwa kidole palipowekwa alama: sahihi hapa, na hapa, na hapa pia. Kurasa zilikuwa saba. Nilisoma mstari mmoja tu, ule wenye kiasi nilichokuwa nakihitaji. Riba iliandikwa asilimia 10. Nikaridhika, nikashukuru, nikaondoka.

Miezi minne baadaye, nikiwa na daftari na kalamu, ndipo nilipogundua kwamba ile asilimia 10 ilikokotolewa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, hata juu ya fedha ambazo nilishazirejesha. Hakuna aliyenificha. Iliandikwa ukurasa wa tatu, kwa lugha ambayo ningeielewa kama ningetulia nikaisoma.

Tuchukue mfano. Umekopa 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 10 isiyopungua. Riba yake ni 120,000, kwa hiyo kila mwezi unarejesha 110,000. Mkopo huohuo ukitozwa asilimia 10 ileile kwa mwaka, lakini juu ya salio linalobaki, rejesho la mwezi linakuwa kama 105,500 na riba yote haifiki 66,000. Karatasi mbili, tarakimu ileile, na mmoja analipa riba karibu mara mbili ya mwenzake. Sababu yake ni nyepesi: kadiri unavyorejesha, ndivyo fedha ya mkopeshaji iliyo mikononi mwako inavyopungua, lakini riba ya kwanza inakuhesabia kama vile bado unayo yote. Ukiigeuza ili ilingane na ile ya pili, inakuwa karibu asilimia 18.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hesabu hiyo haina kitu ambacho sikufundishwa. Asilimia niliijua, na mfuatano wa kijiometri niliujua barabara. Nilikuwa na vifaa vyote, ila hakuna siku hata moja ambayo mtu aliniwekea mkataba wa mkopo mezani akaniambia: haya, tumia unachokijua.

Leo mimi mwenyewe nafundisha hisabati sekondari, na kila mwaka naona vijana wakitoka na upungufu uleule. Watu wengi wakilizungumzia jambo hili wanadai liongezwe somo jipya, la stadi za maisha au la fedha binafsi. Siwapingi, lakini nina hofu, kwa sababu najua tunavyoweza kuliua somo. Tutaandika notisi ubaoni. Tutauliza: taja faida tano za kuweka akiba. Mwanafunzi atataja tano, atapata alama tano kati ya tano, na mwezi ujao atapewa hati yake ya kwanza ya mshahara asijue kwa nini fedha aliyoahidiwa siyo iliyoingia kwenye akaunti.

Hofu hiyo ina ushahidi. Mwaka 2014 watafiti watatu walichapisha uchambuzi wa tafiti 201 kuhusu elimu ya fedha, wakakuta kwamba mafunzo hayo yalichangia asilimia 0.1 tu ya tofauti kati ya tabia ya mtu mmoja na mwingine katika masuala ya fedha, yaani karibu na bure. Tena yalififia kadiri muda ulivyopita, hata pale yalipokuwa ya saa nyingi. Ushauri wao ulikuwa kwamba elimu hii itolewe karibu na siku ambayo mtu anaihitaji. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022, uliotazama majaribio 76 ambayo watu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakafunzwa na wengine la, ulileta habari njema zaidi: mafunzo yanaongeza maarifa na yanabadilisha tabia. Nikiziweka pamoja, nasikia jambo moja ambalo mwalimu yeyote aliyewahi kusimama darasani analijua. Elimu inashika inapokuwa na kazi ya kufanya mara moja.

Kwa hiyo mimi ningelipeleka somo hili kwenye muhula wa mwisho kabisa, na ningeliendesha kwa karatasi halisi. Mkataba wa pango, wenye kifungu cha amana na cha notisi ya kuhama. Hati ya mshahara, yenye makato yote. Fomu ya mkopo. Barua ya ajira yenye kipindi cha majaribio. Mwanafunzi azishike, azipigie mistari, azibishanie na mwenzake.

Wapo wanaosema hayo ni kazi ya wazazi. Nawaelewa, na mzazi anayeweza asiache. Lakini mzazi anafundisha anachokijua. Aliyekulia katika nyumba ambayo mikataba inasomwa kwa sauti, na akaunti za akiba zinajadiliwa mezani, tayari ana mwalimu. Aliyekulia kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuajiriwa kwa maandishi atajifunzia wapi? Tukisema shule isihusike, tunakuwa tumeamua kwamba wa kwanza aendelee kuwa mbele na wa pili alipie ujinga wake kwa riba. Sioni haki hapo.

Tena siyo fedha peke yake. Denmark, mafunzo ya kumfufua mtu aliyesimama moyo yaliwekwa kwenye shule za msingi kisheria mwaka 2005. Kati ya mwaka 2001 na 2010 kiwango cha waliopata msaada huo kutoka kwa watu waliokuwa karibu, moyo uliposimama nje ya hospitali, kilipanda kutoka asilimia 21 hadi 45, na waliokuwa hai siku 30 baadaye wakaongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Shule haikufanya hayo peke yake: wanaoomba leseni ya udereva nao walitakiwa kufunzwa, na huduma za dharura ziliboreshwa. Hata hivyo, fikiria kinachofundishwa: viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, mikono imenyooka, unabonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na unakiachia kifua kirudi juu kabla ya kubonyeza tena. Ni vipindi vichache. Muda mwingi kuliko huo tunautumia kukariri vitu ambavyo sitavitaja hapa, maana walimu wenzangu wa masomo hayo nawaheshimu.

Kuandika barua ya maombi ya kazi, kujieleza mbele ya wasiokufahamu, kujua pa kwenda akili inapochoka: hayo nayo yana nafasi yake, na mengi yanaweza kuingia kwenye vipindi vya lugha bila kuhitaji ratiba mpya.

Nilijaribu jambo hili kwa vipindi viwili tu, mtihani wa mwisho ukiwa umekaribia na baadhi ya wanafunzi wakinung'unika kwamba haliulizwi. Niliwapa fomu ya mkopo niliyoitunga kwa kufuata ile yangu ya zamani, kurasa saba, na swali moja: ungetia sahihi, na kabla ya hapo ungeuliza nini? Darasa lilitulia. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwenye aljebra huwa hanyanyui mkono, alifika ukurasa wa tatu kabla ya wengine. Akakipigia mstari kile kifungu, akaanza kukokotoa pembeni ya karatasi, akafuta, akakokotoa tena. Kisha akaniita kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, nimeiona. Lakini nikimuuliza pale ofisini, si atakasirika?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya riba, siyo ya hilo. Kipindi cha pili chote tulikitumia kufanya mazoezi ya kuuliza: mmoja anakuwa ofisa, mwingine mkopaji. Wanasimama wawili wawili, na yule mkopaji anajifunza kusema kwa adabu na bila kutetemeka, "Naomba nibaki na nakala hii niisome nyumbani, nitarudi kesho."