Ukienda kusoma Zambia kwa treni, usibane siku

Kila mwaka, majibu ya vyuo yakishatoka, nyumbani kwangu hupiga hodi mgeni mmoja au wawili. Ni kijana aliyepata nafasi Lusaka au Kitwe, mara nyingi kaja na mama yake. "Dada, ndege hatuiwezi. Tumesikia wewe ulikwenda kwa treni." Kisha linatolewa daftari. Nauli ipo, chakula kipo, mpaka hela ya vocha ipo. Mimi hutafuta mstari mmoja tu, na karibu kila mara siuoni: siku. Kijana anatakiwa kuripoti chuo Jumatatu, na kapiga hesabu ya kushuka Kapiri Mposhi, reli inapoishia kule Zambia, Jumapili.

Hapo ndipo ninapoanza kubishana nao.

Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, haikujengwa kwa ajili ya mwanafunzi anayewahi usajili. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia ipate bandari bila kupitia Rhodesia ya walowezi (Zimbabwe ya leo) wala Afrika Kusini ya makaburu. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, 975 upande wetu na 885 upande wa Zambia, na njia ni moja. Treni mbili zikikutana, moja inaingia pembeni stesheni na kusubiri mwenzake apite. Treni ya mizigo ikikwama mbele, walio nyuma wote wanangoja. Kwa ratiba safari ni kama siku mbili. Anayeijua reli hii hapangi kwa siku mbili.

Kwa hiyo nasema: fika siku tatu kabla ya siku ya kuripoti. Siku hizo tatu zina gharama, na ziingie kwenye daftari kama nauli inavyoingia: malazi, chakula, usafiri wa mjini. Mzazi akiniambia hana hela ya siku tatu, namwomba tukae tutafute pa kupunguza, maana pa kupunguza papo.

Ila si kitandani. Najua wengi watapinga, kwa sababu kiti ni rahisi kuliko kitanda na kijana ana nguvu zake. Lakini usiku mbili za kukaa wima, huku umekumbatia begi lenye vyeti vyote vya maisha yako, si jambo dogo. Unafika mpakani macho mazito, na mpakani ndipo panapotaka macho. Daraja la pili lina vitanda sita kwa chumba, la kwanza vinne, wanawake kwao na wanaume kwao. La pili linatosha kabisa. Omba kitanda cha chini kama una mizigo mingi, begi kubwa uliingize chini ya kitanda ulalie juu yake.

Pa kupunguza ni kwenye chakula. Chapati, mayai ya kuchemsha na karanga vitakufikisha mbali, na njiani utanunua kupitia dirishani: ndizi Mlimba, viazi Makambako, parachichi Mbeya. Beba maji mengi kuliko unavyodhani. Beba na sweta, hata kama unaondoka Dar unatokwa jasho. Karibu na Uyole reli inapanda hadi zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya kule haimjali mtu wa Temeke.

Mimi nilikwenda Agosti 2013. Nakumbuka alfajiri ile kati ya Mlimba na Makambako, treni ikiingia na kutoka kwenye mahandaki. Kila tukiingia, mlio wa magurudumu ulirudi masikioni mara mbili na kioo cha dirisha kikageuka kioo cha kujitazamia. Tukitoka, korongo lote lilikuwa chini yetu. Sijutii hata saa moja ya safari ile.

Ninachojutia kilitokea Tunduma, mpakani. Maofisa wa uhamiaji huingia humo humo ndani ya treni, wa Tanzania kwanza, wa Zambia baadaye. Hapo uwe na pasipoti, kadi ya homa ya manjano, na barua ya chuo mkononi, si chini ya begi. Mtanzania haombi viza ya kutembelea Zambia, lakini kusoma ni habari nyingine, kunataka kibali cha masomo, na hilo ulifuatilie na chuo kabla hujakata tiketi. Saa nayo irudishe nyuma saa moja.

Pamoja na maofisa huingia wabadilisha hela. Ilikuwa jioni, taa ya chumbani hafifu, nami nilitaka kwacha za kuanzia maisha. Nilipewa noti nane za 50. Januari mwaka ule Zambia ilikuwa imefuta sifuri tatu kwenye fedha yake, kwa hiyo noti ya 50 ya zamani ilibaki na thamani ya ngwee 5, yaani senti tano za kwacha, na mwisho wa Juni ikaacha kupokelewa madukani. Zote mbili zina picha ya tai. Zangu zote zilikuwa za zamani. Sikuzitazama moja moja, nilihesabu tu.

Siku hizi noti hizo hazipo tena, lakini ushauri wangu ni ule ule: badilisha kidogo sana ndani ya treni, ya chakula na nauli ya basi, tena mchana kama inawezekana. Nyingine badilisha mjini, dukani.

Kingine cha kufanya kabla ya yote haya: nenda mwenyewe stesheni ya Tazara, pale karibu na daraja la Mfugale, uulize dirishani kama treni ya abiria inakwenda wiki unayoitaka. Usitegemee ratiba uliyoikuta mtandaoni. Septemba 2025 ulisainiwa mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China wa kuikarabati na kuiendesha reli hii, na njia inayokarabatiwa hubadilisha mengi. Uwe na hesabu ya basi pembeni pia.

New Kapiri Mposhi si mwisho wa safari. Lusaka bado ni kilomita kama 200 kwa basi, na Kitwe unashika njia ya Ndola. Pale ndipo konda alipoinua noti yangu juani, akaigeuza, akanirudishia. "Ya kale," alisema. Neno hilo sikuhitaji mkalimani. Nikatoa nyingine, nayo ya kale.

Aliyenilipia ni mama wa Makambako tuliyelala naye chumba kimoja, mwenye gunia la vikande, vile viazi vya maua ya milimani ambavyo Wazambia husaga na karanga wakapika chikanda. "Mwanangu, panda, watu wanasubiri." Alinielekeza anapofikia, mtaa wa Kabwata, Lusaka.

Baba ndiye aliyekuwa ameng'ang'ania nifike siku tatu mapema, nami nilinuna wiki nzima nikiona ni hela ya bure. Hela kutoka nyumbani ilifika siku ya pili. Siku ya tatu nilimpelekea yule mama nauli yake, nikamkuta anaanika vikande uani, na kesho yake asubuhi nikaenda kujisajili.